Ndoo ya Batuli

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, sina homa na nimeshiba. Ningetaka kutunga uongo ningetunga wa kunipamba. Kisa hiki hakinipambi hata kidogo, na ndiyo maana nataka uniamini.

Mimi ni mtu wa Unguja. Niliolewa Kuze, hapa Mombasa, na mvuvi anayeitwa Athmani, mwanamume aliyefiwa na mkewe. Nyumba yetu ni ya ghorofa. Chini anakaa mavyaa, mama yake Athmani, na juu tunakaa sisi. Siku za mwanzo mavyaa aliniita, "Ndoo, mwanangu." Nikateremka na ndoo ya maji. Walicheka mpaka mavyaa akashika mbavu, kumbe wenyewe hapa "njoo" wanaitamka "ndoo." Nikacheka nao, nikasema nimejifunza. Sikujifunza.

Mke wa kwanza aliitwa Batuli. Sikuwahi kumuona, hata kwa picha, lakini nyumba nzima ilikuwa yake. Leso zake za Biashara Street zimejaa sandukuni, kinu chake kipo, mbuzi yake ya kukunia nazi ipo, kiti chake kipo. Nikipika wali, naambiwa Batuli alikuwa akiutia iliki. Nikifagia, Batuli alikuwa akianzia ndani. Niambie, hapo ungefanya nini? Mke mwenza aliye hai utagombana naye, na siku moja naye ataunguza mchuzi watu wamuone. Aliyekufa haunguzi kitu tena. Nilimwonea wivu mpaka usingizi ukanipaa, na sioni haya kusema.

Basi Athmani ana boti ndogo ya faiba. Huvua kwa mshipi, na kero yake kubwa ilikuwa mkondo. Akishapata mahali penye samaki, boti inayumba, inachukuliwa, mshipi unakwenda upande. Nanga nayo hunasa kwenye mawe. Siku moja akaona kwenye simu watu wa mbali wametoboa ndoo matundu chini, wakaifunga kamba, wakaitupa majini. Ndoo inajaa, inaburuta, maji yanapita kidogo kidogo kwenye matundu, na boti inatulia, inakwenda taratibu. Akasema atakwenda kununua ndoo imara ajaribu.

"Ununue ya nini," nikamwambia, "na nyumbani ipo?"

Nikamletea ya bluu, nene, yenye mkono wa chuma. Ilikuwa ndoo ya Batuli, aliyokuwa akiogea. Athmani akaishika, akaigeuza. Mimi nikawasha jiko la makaa, nikatia misumari. Yeye alitoboa matundu mawili, akasema yatosha. Nikamnyang'anya koleo, nikatoboa mengine mwenyewe. Plastiki ikanuka, moshi ukaniingia machoni, na amini usiamini, nilipata raha niliyokuwa sijaipata tangu niolewe. Tukafunga kamba kwenye mkono wa ndoo, na chupa tupu pembeni ili isizame.

Ikafanya kazi. Afadhali isingefanya. Athmani alirudi na samaki, changu na tewa, na uso mkunjufu, na wakati wa chakula mazungumzo yote yalikuwa ndoo.

"Ndoo hini yashika, wallahi. Boti yatulia kama nimeshikwa mkono."

Kesho yake vilevile. Akawa anakawia baharini hata siku zisizo na samaki. Akirudi huiosha kwa maji ya bomba, huitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, huipapasa mara moja ndipo apande ngazi. Mimi niliyempikia hanipapasi. Niliitoboa ndoo ya mwanamke yule ili nimtoe nyumbani, sasa mume wangu anakwenda naye kazini.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, ule wakati ambao Kuze nzima imelala. Mavyaa alikuwa amekwenda hitimani. Athmani alikuwa juu, usingizini. Mimi niko chini nachagua mchele, mlango uko wazi. Nikasikia mbao ya mlango inagongwa kwa pete, mara mbili. Hodi sikuisikia.

Alisimama mwanamke mwenye buibui, uso wazi, mzuri. Mzuri wa kukasirisha. Mkono mmoja ameuweka kiunoni. Nikamsalimu, hakujibu, nawe unajua watu wa hapa walivyo kwa salamu. Akasema, "Ndoo."

Unadhani niliikumbuka siku ile ya mavyaa? Sikuikumbuka. Kichwani mwangu ndoo ilikuwa moja tu. Nikajiuliza, huyu ameijuaje ndoo yetu? Au Athmani akikawia, anakawia kwake? Damu ikanipanda.

"Ndoo ipi, bibi?"

"Ndoo."

"Ndoo ni ya mume wangu, na mume wangu ni wangu. Kanunue yako dukani."

Hakunitazama. Alitazama juu ya bega langu, kwenye ngazi. Akasema tena, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuitikiwa, "Ndoo."

Na huko juu Athmani akaitika. "Naam. Naja."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nani, na kwamba alikuwa akisema njoo. Akateremka bila viatu, macho ameyafumba, asikose hata kidato kimoja. Anatabasamu. Tabasamu lile mimi sijawahi kupewa, na niamini, kilichonishika kwanza si woga, ni wivu. Woga ulikuja baadaye. Nikamkumbatia kiunoni pale chini ya ngazi, naye akawa ananikokota, hana hasira, hana haraka, anakwenda tu. Kwa mkono mmoja nikaitungua ndoo kwenye msumari, nikamrushia yule mwanamke.

"Chukua ndoo yako, uniachie mume wangu."

Akaidaka. Akaigeuza, akatia kidole kwenye tundu moja, kisha jingine, yale niliyotoboa mimi. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akaiegemeza kiunoni, pale mkono ulipokuwa ukiingoja, akaondoka.

Athmani akafumbua macho, akaniuliza mbona nalia. Nikatoka nje. Mwenye duka la mbele alikuwa amekaa barazani kwake.

"Nimekuona wewe tu, mama," akasema, "warusha ndoo."

Nikamuuliza, na ndoo iko wapi? Akatazama chini, akatazama kichochoro chote, hakuiona.

Mavyaa aliporudi nikamweleza. Akasema, "Batuli alikuwa akisimama papo hapo tini ya ngazi, agonga kwa pete, amwita. Mwanangu hakumngojesha hata siku moja." Akaanza kumwombea dua. Hata hapo, nikaona, bado anamsifu.

Unadhani yaliisha? Athmani anakwenda baharini mpaka leo, bila ndoo. Nilimwambia imeibwa, wala hakununua nyingine. Anasema hana haja nayo, siku hizi boti yatulia yenyewe, mkondo uwe mkali vipi. Nani anaishika, wewe na mimi tunajua. Mara nyingine akiwa amelala huitika, "Naam, naja," nami humlalia mkono mpaka kukuche. Siku moja nikafanya jambo ambalo heri nisingelifanya. Alikuwa juu. Nikasimama chini ya ngazi, nikagonga kwa pete yangu, nikaita kama wanavyoita Kuze. Ndoo. Akateremka mbio na lile tabasamu. Akaniona ni mimi. Uso ukamshuka.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukiolewa na mwanamume aliyefiwa, omba nyumba nyingine. Ukiikosa, kalia kiti cha marehemu, tia iliki alivyokuwa akitia, umwombee dua, na chombo chake usikitoboe. Na maneno ya pale jifunze mapema, ujue anayesimama mlangoni anataka chombo au anamwita mumeo.