Memori Iliyopungua Ofisini

Kompyuta ilionyesha memori pungufu, na mtu wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi.

Nilikuwa fundi katika ofisi moja ya Katandala, mjini Sumbawanga, inayoshughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka wa Kasesya kwenda Zambia. Seva yetu, kompyuta kuu ya ofisi, ilikuwa na tabia ya kufa ghafla mchana, kazi zikiwa zimepamba moto. Ikiwashwa tena, hakuna dalili ya kilichoiua. Madereva wamekwama mpakani, simu zinaita, na bosi, mama wa makamo asiyeamini mtu kirahisi, anatutazama mimi na mhasibu kwa zamu. Mimi nilimshuku mhasibu. Meza yake ilikuwa karibu na soketi ya umeme wa seva, na kila mara yeye ndiye aliyewahi kusema, "Imekata tena."

Ili nijue ukweli, nilitenga sehemu ya memori. Kiini cha mfumo, yaani ile programu inayoendesha kila kitu kwenye mashine, kikianguka, kiini kingine kidogo huamkia kwenye sehemu hiyo na kuhifadhi picha ya memori kama ilivyokuwa wakati wa kufa. Kwa hiyo sehemu hiyo haiguswi na kazi nyingine, na kwenye kioo haihesabiwi.

Mhasibu aliiona tofauti kabla sijamweleza mtu. Akamwita bosi.

"Mama, memori imepungua. Siyo ile tuliyonunua."

Bosi hakufoka. Alifunga mlango. "Kijana, umeipeleka wapi?"

"Imo humo humo, mama. Nimeitenga tu."

"Imo, halafu haionekani?"

Nikafungua kasha la seva mbele yao. Vipande vyote vya memori vilikuwepo. Bosi akaviinamia kwa muda mrefu. "Pengine vimebadilishwa," akasema.

Seva ikaanguka tena, na picha haikuhifadhiwa. Sehemu niliyotenga ilikuwa ndogo mno. Kiini cha pili kilikosa nafasi ya kuamkia. Ilibidi niiongeze, maana yake memori inayoonekana izidi kupungua mbele ya watu waliokwisha kuniita mwizi kwa macho. Niliiongeza hivyo hivyo, roho juu. Toka hapo bosi akawa anaweka kiti mlangoni kila nilipogusa seva, anajifunika kitenge kwa baridi.

Ilipoanguka mara nyingine, bosi alikuwa kwenye kiti chake na mhasibu alikuwa nje akizungumza na dereva. Soketi haikuguswa na mtu. Safari hii picha ilihifadhiwa. Nikaisoma, nikaona: programu ya kadi ya mtandao ilikuwa inaandika kwenye memori isiyo yake, na hivyo kukiangusha kiini.

"Hiyo kadi ililetwa na nani?" bosi akauliza.

Mhasibu, aliyekuwa ameshaingia, akaanza kupanga karatasi mezani kwake. Yeye ndiye aliyeinunua Tunduma.

"Kadi ni nzima, mama," nikawahi kusema. "Programu yake ndiyo mbovu."

Niliweka toleo jipya la programu, na seva ikatulia. Bosi akataka nirudishe memori niliyoitenga. Nikamwambia tukiirudisha, siku mashine ikianguka tena hatutajua sababu.

Akafikiri. "Basi iache. Ila usiiongeze tena mimi nisipokuwepo."

Mhasibu alipopata kazi kwingine tuliagana vizuri, tukacheka. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba alimshuku.