Gitaa la Nsimire Lashuka

Nsimire alikuwa akiuza vitenge alivyovitoa Uvira, na wateja wake wa mtaa wa Buterere walijua kwamba kitenge chake kinakuja na wimbo. Akikunjua nguo anaimba, akipima anaimba, hata akibishana bei anaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya juu, na Jumapili aliipeleka kanisani pamoja na gitaa, maana baba yake alimfundisha kulipiga walipokuwa bado Bukavu.

Kisha akaotwa na uvimbe shingoni. Alipasuliwa, akapona vizuri, lakini sauti iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Ilikuwa nzito, ya kifuani, kama ya mwanaume aliyeamka sasa hivi. Kanisani alijaribu wimbo wake wa siku zote; alipofika pale pa juu sauti ikakatika, watu wakainamisha macho. Hakujaribu tena. Gitaa likatundikwa msumarini, na vitenge vikaanza kuuzwa kimya kimya.

Zaidi ya mwaka ukapita hivyo. Halafu ikaja siku ya mvua kubwa, njia zote za Buterere zimejaa maji, hakuna pa kwenda. Mume wake Maxime alikuwa amelitungua gitaa ili lisilowe kwa paa linalovuja, akaliweka kitandani. Nsimire akakaa kando yake, akalipakata bila kuwaza.

Nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Alianza kuzikaza kama alivyofundishwa, akasita. Zilikuwa zimeshika kutu. Akizivuta mpaka pale pa zamani zitakatika. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifumba macho, akavumisha sauti yake mpya akiitafutia mahali pasipomuumiza, akashuka nayo mpaka ikakaa yenyewe kifuani. Hapo akakamata ufunguo wa uzi mnene, akauzungusha kwenda chini, chini zaidi, hadi uzi ukalingana na koo lake. Nyuzi nyingine akazipanga ziufuate huo, kiasi kwamba akizipiga zote bila kuweka kidole, zinaitikiana kama kwaya.

Akapiga. Akaimba mstari mmoja. Sauti haikukatika.

"Maxime! Maxime, kuja mbio!"

Maxime aliingia na ndoo mkononi, akidhani maji yameshafika chumbani. "Kuna nini?"

"Sikiliza." Akaimba tena, safari hii wimbo mzima.

Maxime alibaki amesimama, ndoo inamwagika miguuni. "Ni we unaimba?"

"Ni mi! Nilikuwa nasumbuka kupanda kwenye gita. Leo gita imeshuka, imenikuta pahali niko!"

Siku ile hawakupika mpaka jioni.

Lilibaki tatizo moja. Ule uzi mnene ulikuwa umelegea mno, kila akiupiga unagonga ubao na kukoroma. Maji yalipopungua, Nsimire alilifunga gitaa ndani ya kitenge, akaenda nalo mtaa wa Buyenzi kwa Hamimu, fundi wa magari na pikipiki. Mama yake Hamimu, Mama Khadidja, alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

Hamimu aliuvuta ule uzi kwa kidole, akatikisa kichwa. "Apana, dada, hii ni nyepesi. Ukishusha chini hivi, inaomba uzi munene. Kwenye duka hautaupata. Ngoja."

Aliokota waya wa breki uliotupwa, akaufumua, akachomoa nyaya mbili nyembamba, akazisokota pamoja. Kisha akachukua tupa, akapanua taratibu kile kitundu cha kupitishia uzi. Nsimire alisimama juu yake kama mama anayeangalia mtoto wake akichomwa sindano.

"Polepole, Hamimu! Polepole!"

"Nimetengeneza injini ngapi mi? Gita itanishinda?"

Waya ulipokaa, Nsimire akaurekebisha, akaupiga. Ukatoka mvumo mnene, mrefu, ukaingia mpaka kwenye madebe ya oili. Mafundi wawili waliokuwa chini ya gari wakatoa vichwa nje. Nsimire akacheka kwa nguvu, akapiga tena, halafu akaimba pale pale kati ya magurudumu. Aliponyamaza, Hamimu alikuwa amesahau tupa mkononi.

"Dada, Jumamosi ni hina ya Raihana, dada yangu mudogo, anaolewa. Ni wanawake tupu, mwanaume haingii. Mama anatafuta mutu wa muziki, mwanamke, amekosa. We utakuja!"

"Lakini mi ni wa kanisani, Hamimu."

"Na vitenge ya sherehe tulinunua wapi? Utakuja tu, inshallah."

Jumamosi alasiri, ua wa Mama Khadidja ulijaa wanawake, mikeka, na harufu ya udi na pilau. Raihana alikaa katikati, mikono imenyooshwa, hina haijakauka. Mama Khadidja alimfundisha Nsimire wimbo wa nyumbani mwao wa kumuaga binti, mfupi, wa kuitikiana: mlango usifungwe, mtoto atarudi kusalimia. Nsimire akalipakata gitaa. Alipotoa sauti ya kwanza, msichana mmoja alicheka, akidhani ni mchezo.

Nsimire hakuacha. Aliupiga ule waya wa breki kwa dole gumba, akaingia mstari wa pili, na hapo bibi wa Raihana, mzee ambaye sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshashuka kwa umri, akaitikia kutoka kwenye mkeka. Akaitikia na mwingine. Kumbe miaka yote waimbaji wa harusi waliimba juu sana, mama hawa wakaishia kupiga makofi tu. Safari hii wimbo ulikuwa kwenye kimo chao. Ua mzima ukaitikia, vigelegele vikapanda, Raihana akawa analia na kucheka, watu wawili wakimshika mikono asiharibu hina.

Katikati ya yote uzi mwembamba ukakatika, paa! Nsimire akaruka kwa mshtuko, kisha akagundua kwamba zilizobaki bado zinaitikiana. Akaendelea nazo.

"Usisimame, mwanangu!" alipiga kelele Mama Khadidja, kanga imefungwa kiunoni, anacheza. "Usisimame!"

Hakusimama. Waliimba wimbo ule mmoja mpaka pilau ikapoa.

Alipokuwa akilifunga gitaa ili arudi nyumbani, mama wawili walimshika, kila mmoja mkono wake, na kila mmoja ana binti wa kuozesha.

"Ni mi nilimuona kwanza!"

"We ulimuona, mi nilimusikia!"

Nsimire alisimama katikati yao, jasho linamtiririka, akicheka kwa ile sauti yake nzito.