Nyanya za Tandale hazikubingirika, ukuta wa Kitwana ukaua: tetemeko la ukubwa wa sita lisiwe kisingizio

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa zangu shikamooni. Ninayoandika niliyaona kwa macho haya, na mguu wangu wa kushoto ni shahidi.

Mke wangu aliniitikia mara mbili akiwa chini ya ukuta.

Namwita, "Mama Zuhura." Anasema, "Nipo, nitoe." Namwita tena, "Nipo." Mara ya tatu akanyamaza.

Mie nilikuwa nimebanwa kuanzia gotini kwenda chini. Mkono wake nauona, bado umeshika upawa.

Ngoja nirudi nyuma.

Sie tunakaa Tandale, uchochoro wa nyuma ya soko. Mama Zuhura alikuwa anakaanga mihogo, mie namenya. Tulikuwaga tunakaa chini ya ukuta wa Bwana Kitwana kwa ajili ya kivuli.

Sasa ukuta wenyewe. Chini ni mawe na udongo, wa enzi za Mwingereza, babu yake aliujenga uwe zizi la mbuzi, urefu wa kifuani. Kitwana alipopata gari akataka lisionekane. Akamleta Fundi Side, wakapandisha matofali juu ya yale mawe mpaka ukampita mtu mrefu. Hakuna nguzo, hakuna msingi mpya.

Mke wangu alimwambia Side mie nikiwepo, "Fundi, huyu bibi kizee mnamtwisha zege kichwani, shingo ataweza?"

Side akacheka. "Mama, wewe kaanga mihogo, ujenzi niachie."

Siku ile baada ya alasiri ardhi ikatikisika. Nilidhani lori la mkaa linapita. Mafuta kwenye karai yakacheza, yakafanya viduara, hayakumwagika hata tone. Hilo la mafuta mlishike.

Kisha nikasikia ukuta unasaga, nao ukaja.

Watu wa sokoni ndio waliotufukua.

Msibani nimekaa mkekani, mguu umefungwa plasta, Kitwana akaja na kanzu yake nyeupe. "Pole sana ndugu yangu. Redio imetangaza, tetemeko la ukubwa wa sita. Kazi ya Mungu hiyo, nani ashindane nayo?"

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Pazi, akadakia. "Kule kanda ya ziwa la tano tu linaangushaga nyumba. Sembuse sita."

Watu wakaitikia. Wakuu, hata mie niliitikia. Sita ni kubwa kuliko tano, hilo halihitaji shule.

Aliyenizindua ni jirani yetu Mwalimu Mushi, Mchaga, anafundisha jiografia sekondari. Alisubiri mpaka Kitwana na Mzee Pazi wakaondoka. Akaniuliza, "Kaka, spika ya ngoma ya kigodoro ikipigwa usiku kule Manzese, wewe hapa unaisikiaje?"

Nikamwambia dundo tu, kwa mbali.

"Na mwenye nyumba ya pembeni yake?"

"Huyo halali."

"Na spika ni ile ile moja."

Akanieleza taratibu. Ile sita ni ukubwa wa tetemeko lenyewe huko lilikozaliwa. Namba yake ni moja, uwe Tandale uwe Mwanza. La kwetu lilizaliwa chini ya bahari, mbali. Kinachofika mlangoni kwako kina kipimo kingine, ukali, na hicho kinatofautiana mahali na mahali. Kinasomwa kwa vitu: taa zimebembea? Vyombo vimelia, au vimeanguka? Kuta zilizojengwa vizuri zimepasuka? Kwa hiyo la tano chini ya miguu yako linaweza kukuumiza kuliko la sita la mbali.

Tena hizo namba hazipandi kama ngazi za nyumba. Kutoka tano kwenda sita, mchoro wa mtikisiko kwenye mashine unakua mara kumi, na nguvu inayotoka ardhini ni kama mara thelathini na kitu.

Nikasema basi Kitwana kasema kweli, sita ni balaa.

"Balaa huko baharini," akasema. "Hapa, nenda kaulize vitu."

Nikaenda na magongo yangu. Bi Chausiku anauza nyanya mbele kidogo tu ya ule ukuta. Mafungu ya nyanya mnayajua, moja inakaa juu ya tatu, mtu akipiga chafya zinabingirika. Siku ile aliziacha, akaja kutufukua kwa mikono.

Nikamuuliza, uliporudi ulizikuta wapi?

Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Si mezani, baba. Zimekaa vile vile. Mwizi ndiye aliyepita na mafungu mawili, si tetemeko."

Nikayakumbuka mafuta ya karai, nikakaa chini pale pale nikalia, watu wananitazama.

Nikampelekea Mzee Pazi hayo maneno. Akaniambia, "Nyanya si shahidi, nenda ukapumzike."

Nilichojifunza: ukitajiwa namba ya tetemeko, uliza lilianzia wapi, na kwenu lilifanya nini. Mwenye ukuta mbovu anapenda utajiwe namba tu.

Juzi Side amerudi. Anapandisha matofali juu ya mawe yale yale. Na kuna dada ameshaweka jiko lake la mahindi pale chini, anafuata kivuli.

Wenye kujua ujenzi na sheria, niambieni hapa chini, hata mkinipinga nitasoma. Pole zimeshanitosha, ahsanteni.

Kitwana, najua mwanao yupo humu jukwaani, akuonyeshe. Rambirambi yako siitaki. Njoo usimame mbele ya meza ya Bi Chausiku, mchana, soko limejaa, useme kwa nini nyanya zilibaki na mke wangu hakubaki.