Kabla Hujamwita Mwenye Duka Mwizi

Nakumbuka asubuhi moja mjini Busia, kundi la waendesha boda limesimama mbele ya duka la spea la mama mmoja, wanataka kumtoa nje kwa sababu ya pete ya mpira ambayo mtoto angeweza kuivaa kama bangili. Ni zamani, lakini damu bado hunichemka nikikumbuka. Leo imechemka upya, mwanangu, kwa sababu nimekukuta uani umeifungua foku, ile miguu ya mbele ya skrambla yako, mafuta yamemwagika juu ya gunia, na kabla sijakusalimia umeshaniambia kwamba aliyekuuzia sili, pete kama ile ile, ni mwizi. Basi weka hiyo nyundo chini. Keti. Nimekasirika na sitajaribu kuficha.

Unanijua mimi ni mtu wa barabara. Shule niliiacha mapema, nikawa tanboi, msaidizi wa madereva wa malori, leo Malaba, kesho Busia, na kila liliposimama gari niliuliza kitu hiki kinafanya kazi vipi na kile kwa nini kimevunjika. Madereva wengine walinipenda kwa maswali hayo. Wengine walinishusha njiani.

Wakati ninaokuambia nilikuwa nimepanga chumba Busia pamoja na kijana wa Sigalame aliyeitwa Wandera. Kazi yake ilikuwa kubeba samaki kutoka Osieko, kule ziwani. Wewe unaijua hiyo njia mvua ikinyesha. Mto Nzoia ukishapanda, ukipita Rukala unaendesha ndani ya uji, na boda ya kawaida inazama hadi kwenye injini. Kwa hiyo Wandera alinunua skrambla ya mtumba, ndefu, yenye miguu ya mbele mirefu ya kumeza mashimo. Sanduku moja la samaki na barafu lilikaa nyuma, lingine aliliweka juu ya tangi na kulifunga kwa ile mipira inayokatwa kwenye tyubu kuukuu, yenye ndoano za waya kwenye ncha. Ndoano alizitia kwenye miguu ya mbele ya pikipiki. Kila mtu alifunga hivyo.

Ndani ya kila mguu wa foku, kama ulivyoona leo, kuna springi na mafuta. Chuma kinachong'aa kinapanda na kushuka, na sili imekikumbatia ili mafuta yasitoke nje. Mguu wa kushoto wa Wandera ulianza kuvuja. Akanunua sili mbili kwa Mama Zubeda, yule mwenye duka la spea, akafungua foku palepale mlangoni petu, akafunga, akaenda Osieko. Aliporudi kulikuwa na mafuta mapya chini ya ile sili mpya. Akanunua tena, akafunga tena. Ikavuja tena.

Mara hiyo nilimuuliza kwa nini ni kushoto tu. Aliniambia niache maswali ya darasani, mimi niliyelikimbia darasa. Wenzake wa stejini, pale boda zinapongojea abiria, walicheka sana, na swali likafa hapo. Badala yake lilizaliwa neno. Wandera alianza kusema stejini kwamba Mama Zubeda anauza sili feki ndani ya pakiti mpya. Mwingine akakumbuka kwamba balbu aliyonunua kwake iliungua mapema. Mwingine akakumbuka cheni. Ukitaka kuona kumbukumbu za watu zikifanya kazi kwa bidii, mwanangu, wape mtu wa kulaumu.

Na Mama Zubeda alikuwa nani? Mjane. Mumewe alikuwa msafirishaji, akafa akamwachia duka hilo na mabinti. Duka ndilo lililowalisha na kuwasomesha. Hakuwa na shamba la kurudia wala kaka wa kumtetea hapo mjini. Jina lake zuri ndilo lililokuwa mali yake. Na mtu akishaitwa mwizi sokoni, watu hawaulizi ameiba nini, wanauliza yuko wapi.

Sasa sikiliza kilichofuata. Mafuta yanayovuja kwenye foku hayaanguki chini kwa adabu. Yanatiririka kwenye mguu hadi kwenye diski ya breki. Asubuhi hiyo Wandera aliingia mjini na mzigo, akakuta foleni ya malori imeziba barabara, akashika breki ya mbele, na breki haikushika kitu. Akaenda kujibamiza nyuma ya trela. Aliinuka na damu usoni, samaki wametapakaa chini ya magurudumu, na dereva wa trela akimtukana kutoka dirishani. Hakwenda hospitali. Aliikokota pikipiki hadi dukani kwa Mama Zubeda, na steji nzima ikamfuata. Mimi pia nilifuata.

Wandera alirusha sili mezani. "Mama, hii ni mara ngapi? Unauza takataka mpaka watu wafe?"

Nyuma yake mtu alisema duka livunjwe. Mwingine akajibu kwamba yeye hataki makubwa, anahitaji cheni tu, na watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonitisha. Watu wakishaanza kucheka namna hiyo, kinachofuata huwa si mzaha. Walisukumana, kioo cha mbele kikavunjika, maboksi ya balbu yakakanyagwa. Binti mmoja alikuwa anafua nyuma ya duka. Nilimwona amesimama na nguo iliyolowa mkononi, hajui aiweke wapi.

Mama Zubeda hakupiga kelele. Alikuwa na hasira kuliko sisi wote, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayehudumia mteja.

"Wandera, mara ya mwisho nilikuuzia sili ngapi?"

"Mbili."

"Pakiti moja?"

"Moja, mama, lakini—"

"Ya kulia inavuja?"

Wandera akaanza kueleza habari za mguu wa kushoto. Mama akamkatiza. "Kushoto sijauliza."

Tuliugeukia mguu wa kulia sote kwa pamoja. Ulikuwa mkavu, umebeba vumbi la Budalang'i, la njia ya Osieko, tangu juu hadi chini.

"Haivuji," Wandera akasema.

"Basi mimi ni mwizi wa upande mmoja."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama alitoka nje, akamwambia bintiye amletee soksi ndefu ya nailoni kutoka kwenye kamba ya nguo. Akaizungushia kile chuma kinachong'aa cha mguu wa kushoto na kuishusha polepole, kama mtu anayempangusa mtoto. Katikati ikanasa. Akairudisha, akaishusha tena, ikanasa palepale na uzi ukakatika. Akamshika Wandera kidole, akakiweka pale ukucha uguse. Palikuwa na jino dogo la chuma, dogo kiasi kwamba jicho lilipita bila kuliona. Kila chuma kilipopanda na kushuka, jino hilo lilipasua mdomo wa sili. Ungeweka sili ya dhahabu, ingepasuka.

Kisha akaokota mpira wa kufungia mzigo uliokuwa ukining'inia kwenye tangi, akaachia ndoano ianguke mahali pake pa kila siku. Ilitua juu ya lile jino.

Mama Zubeda alituangalia. "Mmekuja wengi hivi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia."

Ungetegemea watu wazima waombe radhi. Mmoja alisema "pole mama" huku ameshawasha pikipiki. Wengine waliondoka kama watu waliokuwa wakipita tu. Wandera alinawa damu kwenye maji ya kufulia ya yule binti, bila kuomba, akaondoka. Kioo hakuna aliyekilipa. Na stejini wale waliosikia neno "feki" walikuwa wengi kuliko wale walioiona ile soksi, maana neno lilikuwa limezunguka majuma mengi na soksi ilishuka mara mbili tu. Wateja hawakurudi. Mama alivumilia msimu mmoja, kisha akauza vilivyobaki na kuhamia ng'ambo ya mpaka na mabinti zake. Siku hizi pale pake panauzwa vifuniko vya simu. Na wale jamaa walipoanza kwenda hadi Bungoma kutafuta sili, unajua walikuwa wakisema nini? Kwamba Busia haina mwenye duka wa kuaminika. Niliwasikia kwa masikio yangu, na hadi leo nikilikumbuka hilo siwezi kumaliza chai yangu.

Siku ile, kabla hajafunga mlango, mimi nilibaki na kumuuliza jino kama hilo linatibiwa vipi. Aliniuzia sili nyingine nimpelekee Wandera. Ndiyo, aliniuzia, hakunipa, na alikuwa na haki. Kisha akanieleza, na hayo aliyonieleza ndiyo ninayokuachia wewe.

Foku ikivuja, mwanangu, usianze na spana. Anza na macho. Je, ni mguu mmoja au yote miwili? Shusha kile kifuniko cha vumbi uone kama kuna matope yaliyoingia chini ya mdomo wa sili. Matope ya Nzoia ni laini, yanapenya, na mara nyingi hayo tu ndiyo yanayoinua mdomo na kupitisha mafuta. Kata kipande cha filamu kuukuu ya eksirei, kipitishe kati ya chuma na sili, kizungushe, uchafu utatoka. Pengine kazi imeisha hapo na hujafungua nati hata moja.

Isipoisha, pitisha soksi. Ikinasa, jino hilo lilainishe kwa msasa laini kabisa uliolowa, ukizungusha kufuata duara la chuma, usikwangue juu chini. Kama ni shimo refu, au chuma kimepinda, msasa hautakusaidia, tafuta chuma kingine. Ukivisha sili mpya, funika ncha ya chuma kwa karatasi ya nailoni iliyopakwa mafuta, mdomo usichanike unapopita. Upande wa sili wenye springi ndogo utazame chini, kwenye mafuta. Sili ya zamani iweke juu ya mpya na uigonge hiyo, kidogo kidogo, pande zote, badala ya kuiumiza mpya kwa nyundo kama nilivyokukuta ukifanya. Mafuta yawe ya foku, si ya gia wala ya jikoni, na yawe sawa miguu yote. Najua mnajaza hadi juu ili pikipiki ibebe zaidi. Hewa ikikosa nafasi mle ndani, mafuta yatatafuta mlango, na mlango ni sili. Na diski ya breki ioshe kabla hujapanda, ama sivyo utaenda kukutana na trela la Wandera.

Lakini hayo yote ni ya mikono. La mdomo ndilo lililonikasirisha. Usimtaje mtu kwa wizi kabla hujainama. Ukishaangalia, ukapima upande unaovuja na upande usiovuja, na bado ukaona umeuziwa kibaya, rudi dukani peke yako, mchana, na kitu mkononi, uzungumze. Usiende stejini kwanza. Sili ikiharibika utanunua nyingine. Jina la mtu ukishalipasua, hakuna duka linalouza jingine.

Sasa inuka. Nilipoingia niliona sanduku juu ya tangi lako, na niliona mipira ilikoshikia. Kalete soksi.

Mungu akupe goti jepesi la kuinama na ulimi mzito wa kushtaki. Akulinde na kila trela lililosimama mbele yako, akurudishe salama kila uendako, na huyo aliyekuuzia sili umkute dukani kwake kesho, mlango wazi na kioo kizima.