Mahram wa Mstari wa Kumi na Nne

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi sita, mama kakitia fremu ukumbini, na ofisi moja ya kusafirisha mahujaji Mji Mkongwe ikaniajiri niwatengenezee programu. Tajiri wetu alitaka awaone mahujaji wake wote kwenye kioo, mmoja chini ya mwenzake.

Nikamtengenezea jedwali, zuri ajabu. Kila haji na mstari wake: jina, umri, kijiji, pasi, mahram. Mwanamke ambaye hajawa mtu mzima sana hapewi viza mpaka aandamane na mahram, yaani mume, au mwanamme asiyeweza kumuoa, kama kaka au mwana. Mtu wa akili za kawaida angeliandika jina la huyo mahram, basi. Mimi kwa usomi wangu niliona ushamba. Niliipa programu namba ya mstari: Bi wa Jambiani, mahram wake ni aliyekaa mstari wa kumi na nne. Programu inakwenda kumi na nne, inamkuta mwanawe, inaandika.

Siku ya kutuma, tajiri akaja kuringia kompyuta yake mbele ya wageni. Akabonyeza neno "Jina" juu ya jedwali, na watu wote wakajipanga kwa alfabeti. "Mnaona?" akasema. Mahujaji walihama, namba za mahram zikabaki vile vile. Akapiga chapa, akagonga muhuri, orodha ikaenda Dar es Salaam kuombewa viza. Hakuna aliyeisoma, na mimi mtaalamu nilikuwa wa kwanza kutoisoma.

Wiki ile ile Bi wa Jambiani akaja kuuliza habari. Mwanamke wa miaka arubaini, vidole vimechunika kwa kazi ya mwani, kaka hana, ana mwana mmoja tu aliyechukua likizo kazini kwake Omani makusudi ampeleke mamaake Makka. Nikamsomea mstari wake kwa madaha. Nilipofika kwenye mahram akaniambia, "Hebu rejea hapo, mwanangu."

Nikarejea.

"Huyo ni baba yake mwanangu. Kaniacha talaka tatu. Mwaka wa kumi huu nnamshukuru Mungu kwa kunitenga naye, na wewe umenirejesha kwa kidole kimoja."

Kumbe bwana yule naye alikuwa anakwenda Hija na kundi letu, na alfabeti imemkalisha kumi na nne. Nikacheka. Aibu ya kicheko kile nnayo mpaka leo.

Nilipomwambia tajiri, akasema kompyuta haikosei, na kama imekosea, si waoane tena yaishe? Nikamkumbusha kuwa talaka tatu hazirejewi hivyo. "Haya, tupeleke orodha mpya," akasema, kwa ukarimu wa mtu aliyekusamehe.

Wanawake wengine waliochanganywa wakasahihishiwa, wakapata viza. Yeye akakwama. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kilimtaja yule bwana kuwa baba, na orodha ya kwanza ilimtaja kuwa mahram; basi wenye viza wakaona huyu ni mumewe, na mke aliye na mumewe safarini haandikiwi mahram mwingine. Kama si mumewe, iko wapi hati ya talaka?

Hati haikuwapo. Talaka zile zilitolewa kwa mdomo, uani, majirani wakisikia, kama talaka nyingi za kwetu. Wa kuandika alikuwa bwana mwenyewe, na bwana alishapanda ndege ya kwanza.

Mwana alitaka kubaki, mama akakataa, akamwambia nenda ukaniombee. Mama alipotoka kumsindikiza uwanja wa ndege akapita ofisini. Nikamwambia mwakani nitamwandikisha wa mwanzo.

"Mwakani nitakwenda na nani?" akasema. "Likizo kama hii hawampi tena."

Akaniomba nimwoneshe mstari wake. Nikamfungulia. Akaupitishia kidole taratibu kwenye kioo mpaka kwenye mahram, palipokuwa na jina la mwanawe.

"Leo umepatia, mwanangu," akasema.