Ukuta wa Mzee Saad

Batuli alikuwa amechoshwa na nyumba ile, na nani angemlaumu? Kila masika chokaa ilidondokea vyakula, boriti zilikuwa zimeoza, na majirani zake hapo Kilwa Kivinje walishaweka marumaru zamani. Binti yake Nasma, mwalimu huko Lindi, alipojitolea kuibomoa na kujenga mpya palepale, mama hakusubiri kuulizwa mara mbili.

Mwenye neno alikuwa mumewe, Saad, asiyeona mwaka wa kumi na tisa sasa. Ndani ya nyumba ile mgeni asingemtambua kuwa ni kipofu. Kuta nene za mawe zilimwongoza kwa ubaridi wake, dari ndefu ikamrudishia sauti ya nyayo zake, na upepo wa uani ukamwonyesha njia ya barazani. Sebuleni alinyoosha mkono kwenye shubaka la ukutani, akachukua tasbihi, akaenda zake msikitini peke yake. Akirudi alikaa barazani, na kila aliyemwamkia alimtambua kwa sauti, akamtaja kwa jina.

Alikubali kwa sharti moja, kwamba ukuta wenye shubaka usiguswe. Batuli akamwapia.

Wakahamia kwa Nasma miezi saba. Fundi alipopiga simu kulalamika kwamba ukuta ule unakula nusu ya sebule, Batuli alimwambia auvunje. Mzee atazoea, alijisemea, na mzee mwenyewe hakuambiwa kitu.

Nyumba ikatoka nzuri ya kupigia picha. Saad alipapasa mlango, akasema pazuri, akakaa. Tangu siku hiyo hakuinuka mbele ya watu bila kushikwa mkono. Baraza haikuwepo tena. Palikuwa na uzio na geti, na salamu za watu ziliishia huko nje. Akawa anaswali kando ya kitanda, na sahani yake inarudi na nusu ya chakula. Batuli aliyaona yote hayo, akasema ni uzee. Ni rahisi sana kusema uzee.

Siku moja mchana alimkuta amesimama koridoni, msuli aliovaa umelowa mkojo, kiganja kimetulia juu ya ukuta mpya.

"Mama Nasma, usiwaambie watu," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu turudi nautafuta ukuta wangu, siupati. Zamani ningeufikia hata usingizini. Naona akili inaniacha."

Batuli alimsogelea. Angenyamaza, mumewe angekwenda kaburini akiamini hivyo.

"Haupo," alisema. "Nilimwambia fundi auvunje."

Akangoja kutukanwa. Alitamani kutukanwa. Saad alishusha pumzi ndefu, na uso wake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, ukalegea.

"Kumbe haupo," alisema. "Alhamdulillahi. Nilidhani ni mimi."

Kisha akanyoosha mkono, akamwomba ampeleke bafuni akajisafishe.