Taa za Mchana za Mama Tusajigwe

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na kalamu kwangu ni nzito kuliko spana. Hata umri wa kutoa nasaha sina. Lakini aliyejikwaa mbele humwonyesha jiwe anayekuja nyuma, na wewe mdogo wangu unayeanza kazi ya umeme wa magari unakuja nyuma yangu.

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tano, asubuhi ya ukungu ule wa kwetu unaokaa barabarani mpaka saa sita. Gereji yetu ipo Msasani, hapa Tukuyu, kwenye mteremko. Kwetu nani ana uwanja tambarare? Gari likiingia tunavuta hendibreki mpaka mwisho, tunaweka jiwe nyuma ya tairi, ndipo tunafungua boneti. Ni mazoea, hakuna anayeyafikiria tena.

Akaja Mama Tusajigwe na pikapu yake ya kubebea ndizi, ya rangi ya kijivu kama ukungu wenyewe. Ndani alikaa mama yake mzazi, bibi mzee, aliyekuwa anarudishwa nyumbani Kyimo. Alisema zile taa ndogo za mbele zinazojiwasha zenyewe mchana zimekufa. Alitaka zipone kabla hajaanza kupanda, maana kwenye ukungu ndizo zinazomfanya aonekane. Fundi Ambakisye, mzee anayenifundisha kazi, alikuwa amekwenda kutafuta spea. Nilikuwa peke yangu.

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi nina aibu tangu utoto. Mama mtu mzima nitaanzaje kumwuliza maswali? Nilimpa shikamoo, nikainamisha kichwa kwenye injini. Nikapima fyuzi, nzima. Nikapima taa zenyewe, nzima. Waya haujakatika popote, ila umeme haufiki. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya hendibreki ilikuwa inawaka, nikaona ni sawa, si nimeivuta mwenyewe?

Saa nzima ikapita. Mama Tusajigwe akachungulia, akasema, "Baba, unazitengeneza au unaziombea?" Bibi akacheka kule ndani. Masikio yangu yakawa ya moto.

Basi nikafanya ninalolijutia. Nilivuta waya kutoka njia ya taa kubwa, nikaupeleka moja kwa moja kwenye zile ndogo, nikaufunga harakaharaka kando ya bomba la moshi. Nikamwambia awe anawasha swichi ya taa kubwa, zote zitawaka pamoja. Kweli zikawaka. Akasema, "Ndaga, baba," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaondoka.

Fundi aliporudi alitaka kujua ugonjwa ulikuwa nini.

"Umeisha, Fundi."

"Sijauliza kama umeisha. Nimeuliza ulikuwa nini."

Nikamwambia nimevuta waya kutoka taa kubwa. Akauliza waya nimeupitisha wapi. Nilipomwambia, hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alimpigia Mama Tusajigwe simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Akasimamisha bodaboda, akaniambia nitangulie, yeye atakuja na vifaa.

Mdogo wangu, sijawahi kuogopa vile. Ukungu ulikuwa hauonyeshi hata mkono wa dereva aliyenibeba. Kila gari lililotushukia tuliona taa kwanza, gari baadaye. Nikawa nawaza, na lile lisilo na taa tutalionaje? Nilisali kimoyomoyo waya wangu uwe umeshika.

Haukushika. Kabla ya kufika Kyimo tulikuta watu wamesimama. Pikapu ilikuwa imeinama, tairi la mbele ndani ya mtaro. Lori la majani ya chai lilikuwa linashuka katikati ya barabara, na dereva wake aliapa kwamba hakuona kitu mbele yake. Mama Tusajigwe alilikwepa kwa kuingia mtaroni. Waya wangu ulikuwa umeyeyuka kwenye bomba, fyuzi ikakatika, taa zote za mbele zikazimika, kubwa na ndogo, na yeye akaendelea kupanda akiamini zinawaka kwa sababu mimi nilimwambia zinawaka. Bibi alikuwa ameshika kitambaa kwenye paji la uso. Kilikuwa na damu.

Fundi alipofika, watu waliisukuma pikapu mpaka kwenye uwanja tambarare wa duka. Akateremsha hendibreki mpaka chini, akaniita nitazame dashibodi. Ile taa nyekundu iliendelea kuwaka.

"Hii inawaka tangu lini?" akamwuliza mama.

"Sasa yapata miezi miwili. Ningesema, ila kijana hakuniuliza chochote."

Chini ya mkono wa hendibreki kuna swichi ndogo. Ilikuwa imenasa kwa matope na utomvu wa ndizi, na gari likadhani limeegeshwa siku zote. Taa za mchana za gari lile haziwaki hendibreki ikiwa juu. Fundi aliisafisha swichi, akatoa waya wangu, akabadilisha fyuzi. Nyekundu ikazimika, na zile ndogo zikajiwasha zenyewe. Hata robo saa haikufika.

Ndipo akanigeukia. "Mwanangu, gari halina mdomo. Mwenye gari ndiye mdomo wake, na wewe umeuziba. Nenda kwa bibi."

Nilipiga magoti. Bibi akaniuliza kama nina mama. Nikasema ninaye.

"Basi ukamwambie leo umenitoa damu."

Nilikwenda nikamwambia. Sijawahi kusema maneno magumu kama yale.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza. Uliza limeanza lini, na kitu gani kingine kimebadilika. Gari la milimani lipeleke kwanza mahali tambarare, uteremshe hendibreki, ndipo upime. Usipojua, sema sijui, hata kama wanakucheka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu kifo hicho kinaweza kuwa cha mtu aliyekuamini.

Mungu akupe mikono yenye subira na mdomo usioogopa kuuliza. Kila atakayetoka mikononi mwako afike kwake salama.

Ukisoma haya, tafadhali niandikie, hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu. Niambie na wewe ulikosea wapi, nijifunze.